Rugaruga wa Mirambo: kikosi teule kilichoipita dola yake

Makomando wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania wanapoonyesha uwezo wao katika sherehe za kitaifa, nchi nzima hushangilia, nami hushangilia pamoja na wengine. Hata hivyo, kwa mtu anayeishi Tabora ni vigumu kuwatazama vijana wale bila kukumbuka kwamba katika ardhi hii hii ya miombo, takriban miaka 150 iliyopita, walikuwapo askari wa aina yao: vijana waliochaguliwa kwa ukali wa macho na wepesi wa miguu, waliokaa mbali na shughuli za kawaida za kijiji, waliotumwa mahali ambapo jeshi la kawaida la mgambo wa wakulima lisingefika, na ambao habari za kuja kwao peke yake zilitosha kuwafanya watu waache mavuno shambani. Hao walikuwa rugaruga, na aliyewatumia kwa ustadi mkubwa kuliko wote alikuwa Mtemi, yaani mtawala wa jadi, Mirambo wa Uyowa katika Unyamwezi, mtu ambaye jina lake hapa mjini limebaki kwenye kambi ya jeshi na kwenye shule ya sekondari.

Ninaandika kwa sababu nimechoka kusikia habari zao zikisimuliwa kwa namna mbili tu. Wapo wanaowataja rugaruga kama majambazi waliolewa bangi na kuchoma vijiji, na wapo wanaowapamba kama wapigania uhuru waliowatia adabu wafanyabiashara wa Kiarabu. Masimulizi yote mawili yana chembe ya ukweli, lakini yote mawili yanaruka lile swali ambalo mwanafunzi wa historia ya kijeshi angeanza nalo: kikosi hicho kilifanyaje kazi, kilishinda kwa sababu gani, na kwa nini himaya iliyosimamishwa kwa nguvu zake ilipukutika miaka michache tu baada ya kiongozi wake kufariki? Jibu langu ni kwamba Mirambo alifaulu kujenga kikosi bora kuliko dola iliyopaswa kukimiliki.

Ili kuelewa walikotoka, ni lazima kuanza na barabara. Katikati ya karne ya 19 Unyanyembe, yaani Tabora hii, ilikuwa njia panda ya misafara yote mikubwa. Kutoka Bagamoyo njia ilifika hapa, kisha ikagawanyika: moja ikaenda magharibi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine ikapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wanyamwezi kwa maelfu walikuwa wapagazi katika misafara hiyo, wakishusha pembe za ndovu pwani na kurudi na nguo, shanga, nyaya za shaba na, kadiri miaka ilivyosonga, bunduki na baruti. Mtemi aliyeshika kipande cha njia alitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, na kwa hongo hiyo alinunua bunduki za kulindia kipande chake au za kunyang'anya kipande cha jirani. Hapo ndipo vita vya Unyamwezi vilipobadilika sura. Vita vya mipaka na ng'ombe, vilivyopiganwa na wakulima waliorudi shambani mvua zilipoanza, vikawa vita vya kushika biashara, na vita vya namna hiyo vinahitaji watu ambao kazi yao ni vita.

Mchango wa pili ulitoka kusini. Wangoni, waliovuka Mto Zambezi mwaka 1835 wakitoroka machafuko ya kusini mwa bara, walifika Ufipa, na baada ya kifo cha kiongozi wao Zwangendaba waligawanyika. Kundi moja, ambalo huku kwetu liliitwa Watuta, lilisogea hadi Unyamwezi. Watuta walileta elimu mpya ya vita: vijana wasiooa waliowekwa katika vikosi kwa rika, mapigano ya karibu yasiyompa adui nafasi ya kupumua, na desturi ya kumchukua mateka kijana na kumgeuza askari badala ya kumuuza. Inasimuliwa kwamba Mirambo aliishi kati yao katika ujana wake. Iwe ni kweli au la, mbinu zake zinaonyesha wazi kwamba aliwasoma kwa makini, na baadaye aliwatumia kama washirika.

Somo la tatu lilitoka hapa hapa Unyanyembe. Mtemi Mnywa Sere alipojaribu kuwatoza kodi wafanyabiashara wa Kiarabu, walimpindua mwaka 1860 na kumweka Mkasiwa aliyekuwa tayari kuwasikiliza. Mnywa Sere hakukubali. Kwa miaka mitano alizunguka porini akizivizia njia, akishambulia na kutoweka, mpaka alipokamatwa na kuuawa mwaka 1865. Alishindwa, lakini kila kijana mwenye akili katika Unyamwezi aliona kwamba mtu asiye na mji wala ghala anaweza kuwasumbua matajiri kwa miaka mitano. Mmoja wa jamaa wa ukoo wake, Nyungu ya Mawe, aliondoka Unyanyembe akaenda kusini mashariki. Huyo nitamrudia.

Sasa tuwaangalie watu wenyewe. Rugaruga hawakuwa kabila wala ukoo. Walikuwa mchanganyiko wa vijana ambao zama zile za misafara ziliwang'oa majumbani: mateka wa vita, watumwa waliotoroka, wapagazi walioacha mizigo njiani, yatima wa vijiji vilivyochomwa, na pia vijana wa kawaida waliotaka utajiri wa haraka kuliko jembe lingewapa. Walivaa nguo nyekundu na vilemba vya manyoya, wakajipamba kwa bangili za pembe na shaba, na masimulizi ya vita vya Nyungu yanataja hata mapambo yaliyotengenezwa kwa meno na viungo vya maadui waliouawa. Bangi waliivuta kweli. Sioni sababu ya kuyaficha hayo. Mavazi hayo yalikuwa sehemu ya silaha yao, kwa maana kijiji kilichoona wekundu unatokea kwenye ukingo wa msitu kilikuwa kimeanza kushindwa kabla ya risasi ya kwanza.

Kuhusu uchaguzi wa askari tunayo bahati ya kuwa na maneno ya Mirambo mwenyewe, aliyoyasema kwa msafiri na mwandishi Henry Morton Stanley walipokutana Serombo mwezi Aprili 1876 na kuchanjiana udugu wa damu. Stanley alitarajia kukutana na jambazi, akamkuta mtu mpole wa sauti ya chini na adabu nyingi. Alipoulizwa kuhusu vita, Mirambo alieleza kwamba yeye huwapendelea vijana wasioota ndevu, kwa sababu macho yao ni makali, viungo vyao ni vyepesi, na maneno machache tu hutosha kuwatia moyo wa simba, na kwamba katika vita vyake vyote na Waarabu ni jeshi la vijana lililompa ushindi. Kisha akatoa mfano ambao kila nikiusoma hunifanya niweke kitabu chini. Siku moja, alisema, kitambaa chekundu kilitupwa uwanjani kama changamoto, naye akatamka kwamba ni lazima akipate. Vijana wake 15 walikufa siku hiyo kwa ajili ya kitambaa hicho.

Watu hukisoma kisa hicho kama sifa ya ushujaa. Mimi naona ndani yake mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kiwango cha utii ambacho jeshi lolote la leo lingekionea wivu. La pili ni kwamba utii huo haukuelekezwa kwa nchi, wala kwa sheria, wala hata kwa kiti cha utemi. Ulielekezwa kwa kinywa cha mtu mmoja. Amiri aliyekuwa na vijana wa aina hiyo alikuwa na chombo cha ajabu mkononi, na chombo hicho kisingeweza kurithiwa.

Mbinu zao zilitokana na silaha zao, na hapa inafaa tusogee karibu. Bunduki ya kawaida ya rugaruga ilikuwa gobori la gumegume. Askari alimimina baruti kupitia mdomo wa mtutu, akashindilia kwa mdeki, akatia risasi au vipande vya chuma, akashindilia tena, akaweka baruti kidogo kwenye kisahani cha kando, kisha akalenga na kufyatua. Gumegume likigonga chuma, cheche zikaangukia ile baruti ndogo, bunduki ililia. Baruti ikiwa imeloa, au upepo ukiwa umeipeperusha, haikulia. Umbali wa kumpiga mtu kwa uhakika ulikuwa mfupi sana, haukuzidi hatua 100, na aliyekwisha kufyatua alikuwa kama hana bunduki mpaka amalize kazi ile yote upya. Kwa silaha kama hiyo, askari anayesimama uwandani kurushiana risasi kutoka mbali anapoteza baruti tu. Mwenye akili huvizia. Hulala kwenye nyasi karibu kabisa na njia, hungoja adui apite, hufyatua mara moja wote kwa pamoja, kisha huinuka na mkuki kabla adui hajamaliza kushindilia. Ndiyo maana kikosi cha Mirambo kilitaka vijana wepesi wanaoweza kulala kimya muda mrefu na kuinuka kwa ghafla. Ndiyo maana pia vita vilipiganwa kiangazi, baada ya mavuno, njia zinapokuwa kavu, baruti haipati unyevu na nyasi ni ndefu.

Mfano ulio bora zaidi ni wa Agosti 1871. Waarabu wa Tabora, waliokuwa wamegombana na Mirambo kuhusu hongo na kufungwa kwa njia ya Ujiji, walikusanya jeshi kubwa, na Stanley, aliyekuwa safarini kumtafuta Livingstone, akajiunga nao na watu wake kwa matumaini ya kufungua njia. Mwanzoni mwa mwezi waliteka kijiji cha Zimbizo bila shida kubwa. Kijana mmoja hodari, Saud bin Said, akachukua watu wapatao 500 kwenda kuishambulia Wilyankuru, ambayo leo tunaiita Ulyankulu, katika Wilaya ya Kaliua. Nako wakaingia. Wakabeba pembe za ndovu, nguo na mateka, wakaanza kurudi wakiwa na furaha na mizigo.

Mirambo hakuwa amekimbia. Alikiacha kijiji kichukuliwe, akawaweka vijana wake pande zote mbili za njia katika nyasi ndefu, akangoja. Mtu aliyebeba pembe begani hawezi kushika bunduki tayari, na msafara uliolemewa na nyara hurefuka njiani mpaka wa mbele hawajui yanayowapata wa nyuma. Walipofika sawasawa katikati, rugaruga waliinuka. Saud aliuawa pamoja na wengi wa wenzake, na nyara zote zikarudi zilikotoka. Habari zilipofika kwa jeshi kubwa, hofu ilifanya kazi iliyobaki: watu waliozidi jeshi la Mirambo kwa idadi walitawanyika, kila mmoja akikimbilia kwake, na Stanley, akiwa na homa, akajikuta karibu peke yake.

Tarehe 22 Agosti Mirambo, pamoja na Watuta, aliingia Tabora yenyewe. Khamis bin Abdallah, mmoja wa Waarabu mashuhuri wa mji huu, alitoka kumkabili akiwa na watu wa nyumbani mwake. Watumwa wake waliokuwa na bunduki walimwacha wakakimbia, naye akauawa. Sehemu ya mji ikachomwa. Stanley alikuwa Kwihara, akiuona moshi, akitoboa kuta za tembe yake matundu ya kupitishia mitutu. Tembe ya Kwihara ndiyo ile ambayo yeye na Livingstone waliishi pamoja mwanzoni mwa 1872, na ambayo leo wageni hupelekwa kuiona kama makumbusho. Mirambo hakuishambulia Kwihara. Stanley naye aliacha ndoto ya kupita njia ya kawaida, akazunguka kusini kupitia Ukonongo ili afike Ujiji. Kwa maneno mengine, ule mkutano maarufu wa Ujiji ambao kila mtoto wa shule anaujua ulicheleweshwa na kugeuziwa njia na vijana wa Unyamwezi waliolala katika nyasi za Ulyankulu.

Hapo tunaiona kazi halisi ya kikosi teule. Mirambo hakuwa na nguvu ya kuiteka Tabora na kuikalia, wala hakujaribu. Alichokifanya ni kuifanya biashara iwe ghali. Misafara ilichelewa, bei ya pembe ikavurugika, na Sultani wa Zanzibar akalazimika kuingilia jambo lililotokea safari ya miezi kadhaa kutoka ikulu yake. Baada ya miaka minne hivi ya mapambano, Waarabu walikubali kuishi naye kama mtawala wa kuheshimiwa. Hadi kufikia mwaka 1880 amri yake ilisikika kaskazini kuelekea Ziwa Viktoria, na magharibi hadi Uvinza penye chumvi na mpakani mwa Uha, kiasi kwamba hata Ujiji ilimwangalia kwa jicho la tahadhari. Stanley alimwita Bonaparte wa Afrika. Sina haja na sifa hiyo ya kuazima. Naitaja tu ili msomaji aone jinsi watu wa nje walivyompima.

Lakini kikosi cha namna hiyo kina tatizo moja kubwa: hakiwezi kukaa bure. Rugaruga hawakulipwa mshahara. Pembe zilikuwa za mtemi, na nyara nyingine ziligawanywa kwa askari. Vita vikikoma, nyara zinakoma; nyara zikikoma, vijana wanaanza kuangalia kwingine. Kwa hiyo Mirambo, aliyesema tena na tena kwamba anataka amani na biashara, aliyemkaribisha mmisionari na daktari Ebenezer Southon kuishi Urambo, makao yake makuu, tangu 1879, na aliyetafuta urafiki wa balozi wa Uingereza Zanzibar, John Kirk, alilazimika kila kiangazi kuwatafutia vijana wake kazi.

Kazi hiyo ndiyo iliyomponza. Mwezi Juni 1880 jeshi lake pamoja na washirika wake lilishambulia Mpimbwe, upande wa kusini magharibi. Ndani ya boma walikuwamo Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliokuwa wakirejea kutoka katika safari ya kujaribu ndovu wa Kihindi kama wabeba mizigo, iliyogharamiwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Wote wawili waliuawa katika vurugu za shambulio hilo. Urafiki na Kirk, ambao Mirambo alikuwa ameujenga kwa uvumilivu wa miaka, ukafa siku hiyo. Ni jambo ambalo majeshi ya zama zetu yanalijua vizuri: kikundi kidogo cha askari, porini, katika dakika chache, kinaweza kuharibu siasa ambayo watu wazima wameijenga kwa muda mrefu. Tofauti ni kwamba jeshi la leo linao mnyororo wa amri, mahakama za kijeshi na wanasheria. Mirambo alikuwa na sauti yake tu, na sauti haikufika kila kona ya boma la Mpimbwe.

Hapa ndipo ninapomrudia Nyungu ya Mawe. Wasomi wengi humweka chini ya Mirambo kwa sababu Wazungu hawakumwandika sana. Makao yake, Kiwele huko Ukimbu, yalikuwa mbali na njia kuu. Alikuwa na jicho moja, na rugaruga wake walisifika kwa ukali kuliko wa Mirambo. Hata hivyo yeye alifanya jambo ambalo mwenzake hakulifanya kwa ukamilifu. Baada ya kuziteka temi ndogo ndogo za Wakimbu hakuwaacha watemi wake kama alivyowakuta, wala hakuwaua wote. Aliwaachia matambiko, kisha juu yao akaweka maofisa wake, vatwale, kila mmoja akisimamia temi kadhaa, kukusanya pembe na kuzipeleka Kiwele. Askari walipomaliza kuteka, watendaji waliingia kutawala.

Watawala wote wawili, kwa sadfa ya ajabu, walifariki Desemba 1884. Mirambo alikufa tarehe 2 kwa maradhi, akiwa bado katika harakati za vita. Angalia yaliyofuata. Ukimbu ulipita kwa binti wa Nyungu, Mgalula, mwanamke aliyeshika madaraka ya baba yake bila nchi kusambaratika, mpaka Wajerumani walipokuja. Urambo ulipita kwa Mpandashalo, ndugu wa Mirambo, naye hakuwa na kipaji cha kaka yake kivita. Watemi waliotekwa walijitoa mmoja mmoja, rugaruga wakafuata mabwana wengine au wakafanya vita vyao wenyewe, na Mpandashalo akauawa vitani mwaka 1890. Miaka sita ilitosha.

Niliwahi kuzungumza na mzee mmoja wa Urambo, mtu wa umri wa kuheshimiwa sana, nikamuuliza kwa nini himaya ya Mirambo haikudumu. Nilitegemea aniambie habari za Wajerumani. Alinyamaza, akaniuliza, "Mwanangu, mtemi alipokufa, wale vijana nani aliwalisha?" Nikamjibu kwamba walijilisha wenyewe. Akasema, "Basi walitula sisi."

Tangu siku hiyo sisomi habari za kikosi chochote maalumu bila kuuliza swali la mzee yule. Chukua kikosi mashuhuri cha Waingereza cha SAS. Kilianzishwa Misri mwezi Julai 1941 na ofisa kijana, David Stirling, kikiwa na askari wasiofika 70, kwa wazo ambalo Mirambo angelielewa mara moja: watu wachache waliochaguliwa, wakiingia nyuma ya adui usiku, wanaweza kuharibu ndege nyingi kuliko kikosi kizima cha mabomu. Operesheni yake ya kwanza, Novemba mwaka huo, iliharibiwa na dhoruba ya jangwani, na zaidi ya nusu ya waliotumwa hawakurudi. Mwezi uliofuata waliacha miavuli, wakapelekwa kwa magari na kikosi cha doria kilicholijua jangwa, na wakaanza kuteketeza ndege viwanjani. Stirling mwenyewe alitekwa Januari 1943, na kikosi kikaendelea chini ya Paddy Mayne. Kiongozi aliondoka, kikosi kikabaki, kwa sababu nyuma yake palikuwa na jeshi, bajeti na serikali. Na vita vilipokwisha, Oktoba 1945, serikali ilikivunja, askari wakatawanywa au wakarudi makwao, wala hakuna kijiji cha Uingereza kilichochomwa kwa sababu hiyo. Baadaye walipohitajika tena, waliundwa upya. Silinganishi ushujaa, vijana waliokufa kwa ajili ya kitambaa chekundu hawakupungukiwa ushujaa. Nalinganisha mahali pa kurudi.

Rugaruga hawakuwa na mahali pa kurudi, na waliofaidika na hali hiyo ni Wajerumani. Mtemi Isike wa Unyanyembe alipigana nao kutoka ndani ya boma lake hapa Tabora, akayarudisha nyuma mashambulizi ya mwaka 1892, na mwezi Januari 1893 ofisa wa Kijerumani Tom von Prince alipolivunja boma hilo, Isike alijilipua katika ghala la baruti kuliko kutekwa. Baada ya hapo rugaruga waligeuzwa kuwa askari wasaidizi wa serikali ya kikoloni. Katika kukandamiza Vita vya Maji Maji, kati ya 1905 na 1907, walitumiwa kuchoma mashamba na maghala ya chakula kusini, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika huku, maelfu yao walipigana upande wa Wajerumani, na jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo lilipoikaribia Tabora na kuitwaa tarehe 19 Septemba 1916, rugaruga walikuwa bado wanatajwa katika taarifa za vita. Kikosi kilichoanza kwa kuwazuia wageni kuishika njia ya Unyamwezi kilimaliza siku zake kikitumikia wageni dhidi ya Waafrika wenzao. Naumia kuandika sentensi hiyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mji huu ulipewa somo jingine la aina hiyo mwaka 1964. Tarehe 20 Januari askari wa Tanganyika Rifles waliasi Dar es Salaam, na siku iliyofuata batalioni ya pili, iliyokuwa hapa Tabora, ikaasi pia. Kapteni Mrisho Sarakikya, mmoja wa maofisa wachache Waafrika wakati huo, alikuwa hapa na ndiye aliyejitahidi kuwatuliza askari. Tarehe 25 makomando wa Kifalme wa Uingereza, kikosi cha 45, walishuka kwa helikopta kutoka meli ya Centaur, wakaizima kambi ya waasi ya Colito, Dar es Salaam, kwa muda mfupi, na uasi wa Tabora ukamalizwa nao. Mwalimu Nyerere aliliona tukio hilo kuwa aibu ya taifa, kwamba nchi huru imeomba msaada wa jeshi la mkoloni wake wa jana. Alilivunja jeshi lile, akaunda jipya kutokana na vijana wa TANU na wa Jeshi la Kujenga Taifa, na tarehe 1 Septemba 1964 Jeshi la Wananchi likazaliwa, Sarakikya akiwa mkuu wake wa kwanza. Tunaweza kubishana kuhusu siasa ndani ya jeshi, na ubishi huo ni halali. Lakini aliyeuliza swali la nani anamlisha askari, anamtii nani, na atarudi wapi, alikuwa analijibu swali lile lile la Urambo, miaka 80 baada ya Mirambo.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaosimamia historia ya mkoa wetu. Makumbusho ya Kwihara yanamweleza Livingstone na Stanley, na ni haki yao. Kuta zile zilitobolewa matundu kwa sababu ya vijana wa Mirambo, na mgeni anayesimama mbele yake anastahili kuelezwa Zimbizo ilikuwa wapi, nini kilitokea njiani kutoka Ulyankulu, Khamis bin Abdallah alikufaje, na rugaruga walikuwa watu gani, pamoja na ukatili wao na bila kuwafanya malaika. Ulyankulu yenyewe inajulikana leo kwa makazi ya wakimbizi wa Burundi waliopokelewa mwaka 1972, na sijakutana na kijana wa pale aliyefundishwa shuleni kwamba karibu na kwao ndipo vita vya 1871 vilipogeuka. Wazee wenye masimulizi ya familia wapo Urambo, Kaliua na Sikonge, wengine wakiwa wajukuu wa rugaruga na wengine wajukuu wa waliokimbia rugaruga. Walimu wa historia wa sekondari zetu wakiwapa wanafunzi kazi ya kuwarekodi pande zote mbili katika likizo ya Juni, kabla ya mvua na kilimo kuanza, tutakuwa na kumbukumbu ambayo hata Stanley hakuipata.